Ngumi Isiyojua Kuachia

Assalaam aleikum, ndugu zangu! Alhamdulillahi, Mwenyezi Mungu hakunitupa!

Mimi ni mfugaji wa ngamia, wa Modogashe. Kiharusi kiliniangusha nikitawadha. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, lakini mkono wa kulia ulijikunja ukawa ngumi. Kucha zilinichoma kiganja. Mke wangu Habiba alinisafisha kidole kimoja kimoja, nami niligeuza uso kwa aibu. Wakati wa dua wenzangu walifungua viganja, mimi nikainua ngumi mbele ya Mola wangu!

Halafu nikajidanganya. Nilipenyeza fimbo ndani ya ngumi ile nikaenda sokoni. Watu wakafurahi: "Wallahi, mzee amepona! Ona vile anashika fimbo!" Kichwa kikanivimba. Ndugu zangu, ile haikuwa nguvu. Mkono haukujua kuachia!

Siku moja kisimani nikapenyeza kamba ya ngamia. Lori likapiga honi, ngamia akashtuka, akatimua mbio. Niliburutwa kama gunia la makaa, watu wakipiga kelele, "Wacha kamba! Wacha kamba!" Nilitaka sana kuiacha, vidole vikakataa. Kama kamba haingekatika, leo mngekuwa mnanisomea dua.

Habiba akanipeleka Garissa. Mtaalamu wa viungo, dada mmoja aitwaye Saadia, alieleza kwamba misuli ilikaza kwa sababu ya kile kiharusi, na kwamba iko mashine ya mawimbi ya mshtuko ya kuilegeza. Niliposikia mshtuko nikadhani stima! Nikatafuta viatu vyangu. Saadia akacheka, akaiweka kwanza kwenye mkono wake mwenyewe.

"Adeer," akaniita kwa heshima kama ami yake, "hii si stima. Inagonga tu."

Kweli, iligonga ta-ta-ta, ikauma kidogo. Wiki baada ya wiki, mashine na mazoezi, ngumi ikaanza kulegea. Sisemi uongo: vifungo vya shati bado ananifunga Habiba, na mazoezi sijaacha.

Lakini juzi nilishika kamba ya ngamia yule yule. Akavuta. Nikaachia! Nikalia palepale kisimani, mzee mzima, wala sikujali nani ananiona.

Ndugu zangu, kama nyumbani kwenu kuna mkono unaofichwa chini ya shuka, utoeni! Mtegemeeni Mungu, mkamwone mtaalamu mapema. Sasa tuombe dua pamoja. Na mkifika kwenye amin, nitazameni: viganja vyangu viwili, vyote viko wazi.