Mama Tazama, Muuza Samaki Aliyekatizwa Maneno

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto kidogo, funikeni sufuria, njooni karibu na redio. Mwenye samaki jikoni amwache aive sawasawa. Leo tunamkumbuka mama aliyetumia umri wake kutuambia maneno hayo hayo, nasi tukamlipa kwa matusi.

Alikuwa muuza samaki. Mnamfahamu kama Mama Tazama. Wengine wenu, na mnajijua, mlimwita Mama Minyoo. Kwenye kipindi hiki ataitwa Mama Tazama, na asiyependa azime redio.

Jina la Tazama alilipata mezani. Ukifika kununua, hakusifu bidhaa. Wauzaji wenzake walipiga kelele kama wanafukuza ndege shambani. Yeye alimlaza samaki, akamfunua tumbo, akakwambia: "Tazama mwenyewe." Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliamini hivyo kwa dhati, maskini.

Na ndani ya samaki wa baharini, wasikilizaji wapendwa, mara nyingine mna minyoo. Narudia, kwa sababu hapa ndipo kisa kizima kilipo: samaki wa baharini, mzuri, mwekundu wa mashavu, aliyevuliwa asubuhi ile ile, anaweza kuwa na minyoo. Si uchafu wa muuzaji. Samaki anaipata huko huko baharini, kwa kula viumbe vidogo vyenye minyoo. Ni myembamba, imejikunja kama uzi uliofumuliwa kwenye pindo la suruali. Mfano huo ni wa mumewe, fundi cherehani, ambaye ametuomba tuseme ni wake.

Mama Tazama alikuwa na kibano kidogo, kile cha kuchomolea miiba. Akiuona mnyoo, anauchomoa, anauweka kiganjani, anakuonyesha. Utumbo aliutoa mapema, kabla samaki hajakaa, maana samaki akishakufa minyoo hutoka tumboni ikajichimbia kwenye nyama. Halafu anakupa maagizo ya kupika kama daktari anayekupa dozi. Binti yake anasema: "Mama alikuwa anamfuata mteja hadi barabarani, anaita: Dada, usisahau, mpaka nyama iachane na mfupa! Nilikuwa naona aibu mpaka najificha."

Basi siku moja akaja dada mmoja mwenye duka la nywele bandia. Mteja wa siku zote. Alikuwa na simu mkononi, akawa anarekodi. Mama Tazama akamwonyesha kiganja, akasema maneno haya, na nitayasoma yote, kwa sababu hayajawahi kusikika yote:

"Samaki huyu ana minyoo. Ni ya baharini hiyo, wala si uchafu. Niliyoiona nimeitoa, na kama umebaki mmoja, moto utauua. Mpike aive mpaka ndani. Usimle mbichi, na usidanganyike na ndimu wala siki, hivyo havitoshi. Kula kwa raha zako."

Video iliyozunguka ilikuwa na maneno manne. Samaki huyu ana minyoo. Basi. Kiganja, mnyoo, meza yake, uso wake. Mengine yote yamekatwa.

Nilimtafuta yule dada. Alikubali kuongea nasi, na alilia. Nikamwuliza kwa nini aliikata. Akajibu: "Sikuwa na nia mbaya, kaka. Nilikata mwisho ili isile bando."

Ili isile bando! Wasikilizaji wapendwa, nimefanya kazi hii miaka mingi na sijui niweke wapi jibu hilo.

Ikasambaa. Kwenye makundi ya familia, ya kazini, ya ibada. Watu wasiokuwa na muda wa kumjulia hali shangazi yao mgonjwa walipata muda wa kumtumia video. Lisemwalo lipo, wakasema. Samaki mmoja akioza wote wameoza, wakasema. Methali zetu zote tuliziokota tukampiga nazo.

Kufika mwisho wa wiki meza yake ilikuwa imezungukwa na inzi na yeye mwenyewe. Wateja walipita kwa mbali, wengine wameziba pua, kisha wakanunua meza ya pili. Samaki wa meza ya pili walitoka chombo kile kile, walimwagwa kwenye barafu ile ile. Tofauti ilikuwa moja tu: jirani hakuonyesha mtu chochote. Tena alimwonea huruma. Alimwambia, "Dada yangu, mdomo huponza kichwa. Ulilazimishwa na nani kuwaonyesha?"

Mama Tazama akamjibu, "Na yule anayempika nusunusu, nani atamwambia?"

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Mumewe anasema hakulilia wateja kwanza, alililia nusu ya pili ya maneno yake. "Alikuwa anasema, baba watoto, wamesikia kuna mnyoo, hawakusikia la kufanya. Sasa watakula kwa wale wasiosema, na hawatajua." Alimwomba yule dada aitume video nzima. Dada akaituma, kwa haki yake tuseme. Hakuna aliyeisambaza. Ndefu mno, walisema.

Akaenda kwa bwana afya. Bwana afya akaja na koti lake jeupe, akakagua soko zima. Sikilizeni vizuri. Alikuta minyoo kwenye samaki wa kila meza. Kila meza! Akamwita Mama Tazama pembeni, nyuma ya mapipa ya barafu. Binti yake alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia.

"Mama, huna kosa lolote," bwana afya alisema.

"Ahsante, baba. Sasa panda pale juu useme kwa sauti."

"Nikisema kwa sauti, watu wataacha kula samaki. Nitaua soko zima."

"Kwa hiyo nife mimi?"

Bwana afya alikunja koti, akaondoka. Soko likapona.

Baada ya hapo dereva mmoja wa lori alikula samaki wa kubabua juujuu, ndani bado mbichi. Akashikwa na tumbo, akawa anajikunja kama kambare nchi kavu. Hospitali wakamwingiza mpira wenye kamera mpaka tumboni, wakachomoa mnyoo ulio hai. Mtu huyu alisema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba samaki alinunua meza ya pili. Mnajua mtaani walisemaje? Walisema dawa za usingizi za hospitali zimemchanganya, huyo samaki lazima alikuwa wa Mama Minyoo. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Mama Tazama aliendelea kwenda sokoni. Kila siku alirudi na ndoo imejaa kama alivyoondoka nayo. "Tulikula samaki," anasema fundi cherehani, "mpaka paka wa jirani akaanza kutuonea huruma." Alicheka aliposema hivyo. Kisha akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Mama Tazama alianguka akiwa anaanika nguo uani. Hakuamka tena. "Daktari ameandika presha," mumewe anasema. "Sawa, mimi si daktari. Lakini niliishi naye toka tukiwa vijana, na presha hiyo sikuwahi kuiona nyumbani kwangu kabla ya ile video."

Mazishi yalijaa, wasikilizaji wapendwa. Yalijaa! Viti vilikodiwa mara mbili. Jirani wa meza alikuja. Bwana afya alikuja, safari hii bila koti. Wasemaji wakasimama mmoja baada ya mwingine: alikuwa mkweli mama huyu, hakuficha kitu. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, alisema mmoja, na watu wakaitikia. Ni kweli. Ila hatukuwahi kusema ni mpenzi wa wateja.

Kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa fundi cherehani, pole kwa binti, pole kwa wajukuu. Mungu ampumzishe mama yetu mahali ambapo mtu huachwa amalize kusema. Nanyi mnaonisikiliza, yashikeni yale ambayo yeye hakuruhusiwa kuyafikisha: samaki apikwe aive mpaka ndani. Nasi tunaongeza: wa kuliwa mbichi agandishwe kwanza, siku kadhaa, kwenye friza kali kweli kweli. Kufichwa kwenye kabati la juu la friji ya nyumbani hakutoshi. Na mtu anayewashwa mwili au kuvimba midomo akila samaki, maana wapo wanaodhuriwa na mnyoo hata uliokufa, asijitibu kwa maziwa, aende hospitali.

Na tutafakari. Tujiulize tunamfundisha nini mtu pale tunapomwadhibu kwa kutuambia kweli.

Mimi jibu nimeliona. Juzi nilipita sokoni. Meza ile sasa ni ya binti, na imezungukwa na wateja. Nilisubiri zamu yangu. Akamchukua samaki wangu, akampasua haraka, mgongo wake akinikinga nisione. Mkono ukachomoa kitu, ukakidondosha kwenye ndoo ya maji machafu.

Nikamwuliza, "Huyu ana kitu?"

"Hana kitu, kaka."

Nikamwambia mimi ndiye wa redio, ninayeandaa kipindi cha mama yake. Akaacha kisu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Mama aliwaambia," akasema. "Mimi nina watoto wa kulea. Nikufungie?"

Nyuma yangu foleni ilikuwa inanung'unika kwamba nawachelewesha.