Bomba la Moshi la Hoteli ya Bwera

Tangu taksi itoke Kasese, Fidèle, msafishaji wa mabomba ya moshi ya hotelini, alikuwa akijisifu kwa mama aliyekaa kando yake. "Ile hoteli ya sokoni Bwera, ni mimi nilisafisha. Bomba inang'aa kama sahani."

Mama huyo, Enid, aligusa nyusi zake zilizoungua. "Mimi niko mpishi wa pale. Ndani, juu ya ile wavu ya kuzuia mafuta, ulifika?"

"Mama, kule juu nani anaangalia?"

"Moto inaangalia. Jana mafuta ilidondoka kutoka kule, moto ikaruka mpaka usoni kwangu."

Kondakta akageuka kumtazama Fidèle.

"Patron, mwenye hoteli, alikuwa ananikimbiza nimalize haraka," Fidèle akasema.

"Basi leo tunashuka wote. Utasimama chini ya bomba, mimi nawasha jiko."

Taksi ikasimama Bwera. Enid akashuka, akaushika mlango usifungwe. Fidèle akaikumbatia ndoo yake, akamwuliza kondakta kama gari linaendelea mpaka Mpondwe, mpakani.