Kadi Ishirini na Saba Alizotuachia Mama

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakutulia. Baba yake alimwita Kiguu na Njia, akisema mtoto huyu hata kula hula amesimama, utadhani kiti kina miiba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, na sekondari hadi 1989. Mwaka 1998, akiwa na mtoto mgongoni, alisoma kompyuta kila Jumamosi. Mwalimu alipomwambia amwache mtoto nyumbani, alimjibu, "Mwalimu, huyu ananyamaza kuliko wanafunzi wako wote."

Tarehe 8 Juni 1996 alifunga ndoa na fundi umeme, baba yetu. Katikati ya hotuba aliinuka akaanza kupanga viti. Mama mkwe akamvuta shela.

"Bibi harusi, keti! Watu wanakutazama."

"Mama, shangazi wa bwana amesimama tangu saa nane."

"Basi mpe cha kwako!"

Akampa kweli. Picha ipo ukutani hadi leo: bwana ameketi, bibi kasimama.

Kuanzia tarehe 2 Februari 1993 alikuwa karani wa kumbukumbu katika zahanati, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na moja. Wenzake waliliogopa dirisha jeusi la kompyuta, lile lisilo na picha, la kuandikia amri, yeye alilipenda. Mwezi Januari mwaka huu wa 2024 alikuwa na faili mbili: moja ya majina ya wagonjwa 799, nyingine ya dawa inayomdhuru kila mmoja. Kwa amri iitwayo paste aliziunganisha ubavu kwa ubavu, mstari kwa mstari, na zahanati ikachapa kadi za njano.

Hatutalificha kosa lake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Amri ile haimjui mtu. Inahesabu mistari tu, wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili. Asiye na dawa ya kumdhuru aliandikiwa "hakuna", lakini mstari wa 412 wa faili ya dawa ulikuwa umeachwa wazi. Mama aliudhani uchafu, akaufuta. Kuanzia hapo dawa zote zikapanda ngazi moja, na kila mtu akapewa dawa ya jirani yake wa chini. Wa mwisho alipobaki bila neno, Mama akamwandikia "hakuna".

Tarehe 6 Machi seremala mmoja aliingia ofisini akicheka, kadi mkononi.

"Mama, hapa mmeniandikia penisilini. Penisilini nimechomwa tangu utotoni! Kinachonivimbisha midomo ni salfa."

Mama hakucheka. Alifungua zile faili, akahesabu, akaingia kwa mganga mkuu bila kubisha hodi. Kadi 388 hazikuaminika tena.

"Dada, wewe mgonjwa," mganga mkuu alimwambia. "Tutabandika tangazo."

"Tangazo la ukutani litamfuata mtu mpaka kitandani kwake?"

"Kwani nani atajua kosa ni la nani?"

"Mimi najua. Inatosha."

Kweli alikuwa mgonjwa. Figo zake zilikuwa zimeanza kushindwa tangu Septemba 2022, na kila Jumatatu na Alhamisi alisafishwa damu. Alilala na sindano mkono mmoja na simu mkono wa pili, akiwapigia watu wale mmoja mmoja. Muuguzi alimsihi apumzike. "Nipumzike, halafu wao wameze nini?" Siku nyingine alikwenda mwenyewe, mlango kwa mlango, miguu imevimba, Baba akimfuata na kiti cha kukunja ambacho hakukikalia. Aliomba radhi kila mlango. Wapo waliomtukana, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akabadilisha kadi.

Alifariki Jumapili, tarehe 19 Mei, saa nne asubuhi, akiwa amewafikia watu 361.

Ameacha mume, mama mzazi, dada mmoja, sisi watoto wawili, na mjukuu mmoja.

Ameacha pia watu ishirini na saba. Hawajulikani walipo, na huenda mmoja wao amesimama hapa pamoja nasi. Ndugu zetu, rambirambi zenu tumezipokea. Lakini kabla ya kutushika mkono, piteni kwanza kwenye meza iliyo langoni. Orodha ya majina ipo, kadi mpya zipo. Mwenye kadi ya njano ya kabla ya tarehe 6 Machi aitoe, na mwenye jirani au ndugu mwenye kadi hiyo amwambie leo, si kesho.

Mama, mwili wako upumzike sasa kwa amani. Sisi hatutaketi mpaka awe amepatikana wa mwisho.