Maji Kwanza: Mama Kanyere Marie-Louise Anaaga Darasa la Shimi

Baada ya miaka thelathini na mmoja mbele ya ubao, Mama Kanyere Marie-Louise, mwalimu wa shimi, yaani kemia, katika lisee yetu, shule ya sekondari ya Keshero, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu.

Mzaliwa wa Butembo, binti wa wakulima wa kahawa, alifika Goma akiwa mwalimu kijana, akakuta maabara yenye meza mbili na kabati tupu. Karatasi za turnesoli, zinazogeuka nyekundu kwenye asidi na buluu kwenye base, kinyume cha asidi, hazikuwepo. Alichuma maua mekundu ya hibiskasi kwenye uzio wa masista majirani zetu, akayachemsha, akawaambia wanafunzi walete vitu vya jikoni. Ndimu iliifanya rangi ile ing'ae nyekundu. Maji ya majivu, yale ambayo mama zetu hulainishia maharagwe, yakaigeuza kijani. Maji safi hayakuibadilisha. Wiki ile wanafunzi walipima kila kitu nyumbani, hata supu. Wazazi wakalalamika, na masista wakalilia maua yao.

Kuna siku moja hatutaisahau. Rosine wa mwaka wa tano alikuwa akitengeneza sabuni maabarani, soda kostiki ikaruka ikamwingia jichoni. Gradi, mwanafunzi mwenzake, akaja mbio na ndimu mkononi.

"Madame, soda ni base! Tukamulie asidi, itaiuwa!"

"Hapana, Gradi! Usiweke ndimu mu jicho. Maji! Leteni maji mingi!"

Mabomba yalikuwa makavu. Mama Kanyere akamlaza Rosine kwenye benchi, akamfumbua kope kwa vidole, akaanza kummiminia maji ya kunywa ya walimu. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilitoka barabarani nikipiga kelele. Akina mama waliokuwa wakipanda kutoka ziwani walitua mabidoni yao ya maji mlangoni petu bila kuuliza neno.

"Inaniunguza, Mama!" Rosine alilia.

"Najua, mutoto wangu. Fungua tu jicho."

Maji hayakukatika, hata ndani ya gari la kwenda hospitali. Jicho lilipona.

Gradi aliona aibu kurudi darasani. Mama Kanyere alimwita ubaoni, akawaambia wote kwamba kijana alisema kweli: asidi na base zikikutana hutoa chumvi na maji. Ila hutoa joto pia, na jicho halivumilii joto hilo.

"Ku ubao uko na haki," alimwambia. "Ku mutu, maji kwanza."

Gradi huyo, sasa mwalimu, ndiye anayepokea darasa lake Septemba.

Tulipomuuliza Mama Kanyere anataka zawadi gani, alikataa kitenge. Aliomba tangi la maji mlangoni pa maabara. Liliwekwa Jumanne. Alifungua bomba mwenyewe, akasimama akiyatazama maji yakitiririka, mpaka Gradi akamkumbusha kulifunga.

Wasingya, asante, Mama Kanyere. Nenda ukapumzike Butembo kwa afya na amani, na wajukuu wasikuchoshe kwa maswali.

Cirimwami Baharanyi, mwalimu wa hesabu, kwa niaba ya walimu wote