Kiini Amehamia kwa Mjomba

Treni ya asubuhi ilijaa, hivyo kinyozi akasikia yasiyomhusu. Mbele yake, mshonaji mmoja alijitolea kumuuliza maswali binti mwanafunzi asiyemjua, anayekwenda kwenye mtihani wa biolojia.

"Kiini cha seli kinafanya nini?" akasoma kitabuni.

"Kiini ni bibi, anaamrisha wote. Utando ni baba, anaamua nani aingie, nani atoke. Nimekariri kwa watu wa nyumbani, shangazi."

Kinyozi kichwa kikamzunguka. Seli aliyosoma yeye haikuwa na jamaa.

"Haya. Seli nyekundu ya damu haina kiini. Kwa nini?"

Binti akaduwaa. "Haina bibi kabisa?"

"Kitabu kinasema ilikuwa nacho ikiwa changa. Kikatolewa, ipate nafasi ya kubeba oksijeni."

"Baba naye alisema hivyohivyo," binti akasema polepole. "Bibi ahamie kwa mjomba, tupate nafasi." Akamgeukia mshonaji. "Shangazi, hiyo seli huishi muda gani baada ya hapo?"

Mshonaji akapekua kurasa. Treni ikasimama, binti akachukua kitabu chake akashuka mbio. Kinyozi na mshonaji wakabaki wakitazamana, kila mmoja akitumaini mwenzake analijua jibu.