Samaki Asiyefika Mizanini

Saa tisa na nusu alasiri ya Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bwana Mjaka Hamid Jecha atafunga mlango wa chumba namba nne na kukabidhi ufunguo, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya takwimu za uvuvi wa jodari kwa miaka thelathini na mitano na miezi minne. Kwa kuwa siku zote yeye ndiye anayefika wa kwanza, Jumanne asubuhi wengine tutasimama nje ya mlango huo tukiulizana ufunguo anao nani.

Niseme mapema kwamba wasifu huu si ule nilioandika mwanzo. Ule ulikuwa safi kama kanzu ya Ijumaa. Nilimpelekea Bwana Mjaka ahakiki tarehe, naye akaurudisha tarehe zote zikiwa sawa, ila chini ameandika kwa kalamu nyekundu: "Kisa cha hotelini umekiruka. Kitie." Nilishtuka. Sijapata kuona mtu anayeagwa akitaka jambo lililompatia barua ya onyo lisomwe mbele ya mkewe, wanawe na wakubwa wake wa kazi. Nilikwenda kumuuliza kama ana hakika, akanijibu kuwa bila ya kisa hicho, huyo niliyemwandika yeye hamjui. Basi nimetii, na atakayeshtuka asinilaumu.

Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1990 kuwa Bwana Diko, yaani mtumishi anayekaa dikoni, pale boti zinaposhusha samaki, na kuandika nani kavua nini na kilo ngapi. Alianzia Mkokotoni, akapelekwa Kizimkazi, kisha Malindi, na mwaka 2004 akaletwa makao makuu kusimamia takwimu za kisiwa kizima. Fomu yetu ya kijani, ambayo kila mmoja wetu ameijaza mpaka ikamtokea ndotoni, aliitunga yeye mwaka 1998. Sharti lake lilikuwa moja: samaki anaandikwa anapopanda mizanini, kabla dalali hajafungua mnada.

Amewafundisha kazi Mabwana Diko hamsini na watatu, mimi mwanamke nikiwamo, maana cheo hicho hakina bibi. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba jodari mdogo wa mapezi ya manjano na yule wa macho makubwa wanafanana mno, na kwamba njia ya uhakika ni kumpasua na kutazama ini. Wanunuzi wamemfukuza zaidi ya mara moja kwa kuwapasulia samaki wao. Katika semina moja ya wageni aliletewa samaki mzima kwenye sahani, akatoa utepe mfukoni akampima kutoka mdomoni hadi kwenye panda ya mkia, ndipo akasema bismillahi. Zaidi ya hayo alikuwa mtu wa kimya. Katika miaka kumi na minane niliyofanya naye kazi, sikuwahi kumsikia akizungumza mkutanoni isipokuwa kuomba dirisha lifunguliwe.

Ndiyo maana sikuwa tayari kwa yale ya Mei 2022.

Jodari haombi ruhusa ya kuvuka mpaka. Leo yuko kwetu, mwezi ujao yuko kwa wengine, kwa hiyo nchi zinazomvua hukaa pamoja na kupatana nani avue kiasi gani. Mwaka ule kikao cha mgao kilifanyika hapa hapa Unguja, katika ukumbi wa hoteli moja ya Mji Mkongwe. Kila nchi ilitakiwa ionyeshe imevua kiasi gani miaka ya nyuma, na aliyeonekana amevua kidogo ndiye aliyepangiwa kidogo. Takwimu zetu zilikuwa ndogo. Pendekezo lililokuwa mezani lingepunguza sehemu yetu kwa theluthi, na boti ndogo za pwani zetu zingekaa juu ya mchanga miezi minne ya kila mwaka.

Mjumbe wa nchi moja yenye meli kubwa akauliza swali la adabu kabisa. Boti zenu zina mabaharia wanane na zinatoka siku mia mbili kwa mwaka, mbona samaki ni wachache hivi? Kuna samaki wanaotoka botini bila ya kupimwa? Mkuu wa ujumbe wetu alitazama karatasi tuliyomwandikia mimi na Bwana Mjaka, akajibu kuwa hakuna. Hapo nikaona taa nyekundu ya kipaza sauti imewaka katika safu ya nyuma, safu ya washauri, ambao si kawaida yao kusema. Bwana Mjaka alikuwa amebonyeza kitufe.

Alizungumza Kiswahili, na ukumbi ule haukuwa na mkalimani wa Kiswahili. Mwenyekiti akanitazama mimi. Nikaanza kutafsiri huku sijui sentensi inayofuata itanifikisha wapi.

Alieleza kwamba boti ikifika, kabla ya mnada, kila baharia hutoa samaki wake wa kupeleka nyumbani. Waliosaidia kuivuta boti hupewa wao, na jirani mwenye msiba hupelekewa wake. Hicho ndicho kitoweo. Hakipandi mizanini kwa sababu hakiuzwi, na fomu yetu inaanzia mizanini. Nimezaliwa na kulelewa kwa kitoweo hicho, nimesomea takwimu mpaka nikapewa cheti, na haikuwahi kunipitikia kwamba yule samaki wa nyumbani ni samaki wa kuhesabiwa. Kwetu sote aliyekwenda jikoni alikuwa ameshakwenda.

Kisha akasema, "Na Bwana Diko naye hupewa wake. Mimi nimepewa kila siku niliyokaa diko, nikachukua, na sikuandika hata mmoja."

Sikuweza. Nikatafsiri kuwa inasemekana baadhi ya watumishi nao hupata kidogo. Kumbe Kiingereza cha vikao alikuwa nacho. Akanigeukia, kipaza sauti kikiwa wazi, akasema, "Wanu, nimesema mimi. Usinsitiri." Nikarudia kama alivyosema. Akamalizia, "Na leo asubuhi nimeshushia chai jodari wa jana. Huyo mnayeambiwa hayupo, nnaye tumboni."

Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi wetu, Bi Fathiya, alifumba macho. Yule mjumbe wa meli kubwa akasema ni ajabu kwa nchi kugundua samaki wapya siku ya kugawana, na ukweli ni kwamba ningekuwa yeye ningesema vilevile. Mwenyekiti akaahirisha uamuzi kwa mwaka mmoja na kututaka tulete ushahidi, la sivyo pendekezo lipite kama lilivyo. Nje ya ukumbi Bi Fathiya alimuuliza kama anafahamu alichokifanya. Akajibu, "Naam."

Alitakiwa ajieleze kwa maandishi. Akaandika nusu ukurasa, bila ya kumtaja mtu mwingine, akapewa barua ya onyo kwa samaki aliochukua bila ya kuandika, na kuambiwa kuwa kosa jingine lingemwondoa kazini, ikiwa imebaki miaka mitatu tu astaafu. Barua hiyo muda wake umekwisha na ingeweza kutolewa katika faili. Amekataa isitolewe.

Mwaka uliofuata sitausahau. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, na alizunguka madiko kumi na mawili na mizani ya kuning'iniza, akipima kitoweo kwenye mikono ya watu kabla hakijaingia kapuni. Mabaharia walidhani imekuja kodi ya chungu. Kule Mkokotoni bibi mmoja alimuuliza kama kesho serikali itakuja kuhesabu na matonge. Alikaa naye kitako, akamweleza kuwa samaki asiyeandikwa leo ndiye atakayezuiwa kesho, na bibi yule ndiye aliyekuja kuwatuliza wenzake. Mwisho wa mwaka jibu lilitutoa jasho: katika kila jodari sita wa boti ndogo, mmoja hakuwahi kufika mizanini. Kikao kilibishana siku mbili, kikapekua kila karatasi yake, kikaikubali hesabu. Sehemu yetu haikupunguzwa. Boti zinatoka. Na fomu ya kijani ina safu mpya inayoitwa Kitoweo, yenye nafasi ya jina la aliyepokea.

Jumatano iliyopita tulimsindikiza Malindi akawaage wavuvi. Nahodha Khelef, ambaye miaka mitatu iliyopita hakutaka hata kumpa mkono, alimkabidhi jodari wa kilo kumi na moja. Bwana Mjaka hakumpeleka garini. Alimpeleka mizanini. Bwana Diko wa sasa, binti yetu Basma, aliona haya, akataka kuandika kwenye nafasi ya jina "mgeni". Mwenyewe akamwambia, "Andika Mjaka." Kisha akaomba kisu, akamkata yule samaki pale pale, akatugawia tuliokuja naye. Basma akaniangalia na kalamu yake, akauliza kipande changu aandike jina gani.

Nami nilikuwa Bwana Diko, kwa miaka saba. Nilipewa kitoweo kila siku, nikakipeleka nyumbani kwa furaha, sikuandika hata mkia. Siku ile hotelini nilimsikia mtu mzima akisema "mimi" mbele ya bendera ishirini, na mimi niliyekuwa na kosa hilo hilo nikawa natafsiri tu. Aliijua habari yangu, yeye ndiye aliyenifunza kazi. Katika nusu ukurasa wake hakunitaja, na kwa miaka mitatu hajaniuliza. Nilimwambia Basma aandike Wanu. Na hapa ninaandika mwenyewe, Bi Fathiya akiwa msomaji wa kwanza: na mimi nilichukua. Barua ya kujieleza nitaileta Jumanne.

Bwana Mjaka, ofisi nzima inakushukuru, pamoja na Bi Mwatima, mkeo, aliyekuvumilia miaka yote na harufu ya samaki kwenye kanzu. Mungu akupe afya, umri na wajukuu wengi, na kila siku mbele yako iwe ya raha. Kuanzia kesho kitoweo chako hakina deni. Sisi tutaandika. Wewe kula.

Wanu Ayoub
Ofisa Takwimu