Mwizi Wetu Anakabidhi Ngazi

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, mtu aliyeingia nyumba za watu bila kukaribishwa mara nyingi kuliko mwingine yeyote tunayemjua atakabidhi ngazi, tochi na kofia ya kampuni kwa bwana stoo, na kustaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Hajawahi kukamatwa. Yaani, hajawahi kukamatwa na polisi. Dirisha moja lilimkamata, tutafika huko.

Kwenye karatasi cheo chake ni Mkaguzi wa Usalama wa Makazi. Hapa ofisini, kuanzia meneja hadi mama wa chai, anaitwa Mwizi Wetu, na huitika bila kinyongo. Kwa wageni waliokuja kwa ajili ya keki tu na hawajui kampuni yetu ya ulinzi inafanya nini, kazi yake ni hii: mteja akiomba ukaguzi, anaambiwa kwamba wiki fulani, mchana, siku isiyotajwa, mtu wetu atajaribu kuingia nyumbani kwake. Akifanikiwa, hachukui kitu. Anageuza kiti kimoja cha mezani miguu juu, anatoka alivyoingia, kisha anakaa getini kumsubiri mwenye nyumba ili amweleze amepitia wapi.

Habari ya kiti ilianza baada ya mkasa. Mwaka wake wa kwanza kazini alikuwa akishaingia anakaa sebuleni kwa adabu zote, mikono magotini, kumngoja mteja. Siku moja akatokea mama mkwe wa mteja, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia lolote, akiwa na mwiko. Lile kovu lililo juu ya nyusi yake ya kushoto, ambalo wafanyakazi wapya huambiwa alilipata akipambana na majambazi, ni la mwiko huo. Mama mkwe yule alikuja kuomba radhi baadaye, lakini mwiko hakuuacha nyumbani.

Nyumbani kwake nako kazi hii haikumrahisishia maisha. Alipokwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, baba mtu aliuliza kijana anafanya kazi gani. Kwa kuwa ni mtu mkweli, alijibu kwamba anaingia nyumba za watu wakati wenyewe hawapo. Mzee akamwita binti yake jikoni na kumwambia vijiko vihesabiwe. Kuoana wakaoana, lakini mkewe, ambaye ni fundi cherehani, mpaka leo akiulizwa na wateja wake kuhusu kazi ya mume, husema yuko kwenye mambo ya nyumba.

Mtaa aliopewa tangu mwanzo ni ule wa nje ya mji ambao geti lake linalindwa na kampuni yetu, na aliufundisha kujilinda kwa mdomo mbaya. Mwenye ukuta mrefu na dirisha la bafu lililo wazi aliambiwa amevaa helmeti akasahau suruali. Mwenye kibao cha “Mbwa Mkali” na paka mmoja mnene aliambiwa afadhali aandike ukweli, huenda mwizi akamwonea huruma. Familia moja ilijipiga picha uwanja wa ndege na kuzisambaza kwa dunia nzima, pamoja na maelezo kwamba hawarudi mpaka mwisho wa mwezi. Waliporudi walikuta viti vyote vya mezani vimegeuzwa, pamoja na kigoda cha jikoni, kwa maelezo kwamba wenyewe walimpa muda wa kutosha. Na mbwa mmoja aliyesifiwa na bwana wake kwamba hula watu alimfuata Mwizi Wetu mpaka hapa ofisini, akalala chini ya meza ya mapokezi. Mwandishi wa wasifu huu, anayekaa kwenye meza hiyo, ndiye aliyepigiwa simu na kutukanwa kwa wizi wa mbwa.

Lakini somo alilolipenda kuliko yote lilihusu ufunguo wa akiba. Usiuweke chini ya chungu cha maua, alisema, maana mwizi naye ana mama, na mama yake huuweka hapo hapo. Usiuweke ndani ya kiatu kibovu kibarazani wala juu ya mita ya umeme. Mpe jirani unayemwamini. Na kama huna jirani unayemwamini, basi tatizo lako si ufunguo. Hayo aliyarudia kila nyumba, hata siku alizokuwa na haraka ya kwenda kula.

Sasa dirisha. Miaka ilivyozidi kwenda, kiuno nacho kikawa na mipango yake, na ikafika siku Mwizi Wetu akanasa kwenye dirisha la choo cha mteja, nusu ndani nusu nje. Mwenye nyumba, mwalimu wa hesabu asiyejua huruma, alifika, akavuta kiti, akamwambia hana haja ya kumtoa kwanza, atoe ushauri wake akiwa hapo hapo. Akautoa wote. Majirani waliokuwa upande wa miguu wanasema hawakusikia vizuri, lakini walijifunza mengi. Tangu siku hiyo madirisha madogo alituachia sisi tuyaandikie ripoti bila kuyaingia.

Mteja wake mkubwa, na adui yake mkubwa vilevile, ni mkunga mstaafu wa nyumba ya kona. Mama huyu ndiye aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa ule, na huwakumbusha kila wanapomkera. Kila ukaguzi Mwizi Wetu aliingia kwake kama anayeingia sokoni. Mara dirisha la jikoni limebanwa kwa kibanio cha nguo, mara mlango wa nyuma umeegemezwa ndoo, mara ufunguo uko chini ya chungu cha maua. Alipokaripiwa, ufunguo ulihamia chungu cha pili. Alipoambiwa ampe jirani anayemwamini, alicheka mpaka akashika ukuta. “Jirani gani? Hawa? Hawa nawajua tangu wako uchi, hakuna hata mmoja aliyekuja duniani na adabu!” Kisha alipiga simu mapokezi kulalamika kwamba kampuni inamtumia mtu wa kumgeuzia viti.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo meneja ameomba tulipitie juu juu, na ambalo hatutalipitia juu juu.

Mwizi Wetu na mkewe walikuwa wakijenga pole pole nyumba ya kuzeekea. Kiwanja walichokipata kiko mtaani mle mle, ukuta kwa ukuta na mkunga. Bahati mbaya, mwaka huu alipokuwa anapaka rangi, nyumba kadhaa za mtaa ziliibiwa mchana kweupe, na hakuna kitasa kilichovunjwa. Watu wakaanza kunong'ona. Wezi walipokamatwa ilibainika ni watu wawili waliovaa ovaroli na kujifanya mafundi bomba. Hawakuvunja kitu kwa sababu walibisha hodi wakafunguliwa, na nyumba mojawapo waliandaliwa chai. Ungedhani maneno yangeishia hapo. Hayakuisha, maana mtu akishamdhania mwenzake vibaya huona haya kurudi nyuma.

Wakazi wakaitana kikao, kwa kuwa wao ndio wanaoamua nani apewe kadi ya geti. Mkunga alisimama. “Sisemi kaiba,” alisema. “Nasema huyu anajua dirisha la kila mmoja wetu. Mpaka leo kuna kampuni ya kumshika shati. Akistaafu, nani atamshika? Mimi siwezi kulala ukuta mmoja na mtu anayeijua nyumba yangu kuliko mimi.” Walimpigia makofi, hata yule aliyewaandalia wezi chai. Mwenyekiti akasema uamuzi utatolewa kikao kijacho, na kwa sasa familia isihamie. Wengine walimfuata mkewe kwenye cherehani kumshauri kwa upole kwamba waiuze.

Wasifu wa namna hii huwa unasema mstaafu alikabiliana na changamoto. Sisi tutasema aliumia. Mtu huyu amepita katika vyumba vya watu maisha yake yote ya kazi, ameona mikufu juu ya meza na pochi juu ya vitanda, na hajawahi kutoka hata na sindano. Aliacha utani. Alikuja akakaa mapokezi na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa, akasema ameingia nyumba za watu wote, ila ya kwake ndiyo anakatazwa kuingia. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye kwa kawaida hakosi neno, alimletea kikombe kingine.

Mkunga naye hakungoja kikao. Alimwita fundi, akaweka nondo kila dirisha, makomeo juu na chini mlango wa nyuma, wavu wa chuma bafuni, na mlango wa mbele kitasa kipya kinachojifunga chenyewe. Kila alichoambiwa kwa miaka yote akakikataa, sasa alikifanya ndani ya wiki moja, kwa hasira.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, alitoka na gauni la kulalia na vibanio vya nywele kichwani kwenda kumgombeza mtu wa taka. Mlango ukajifunga nyuma yake. Funguo zote zilikuwa ndani, simu ndani, na maharage juu ya jiko la umeme.

Upande wa pili wa ukuta Mwizi Wetu alikuwa juu ya ngazi na brashi. Mkunga alikohoa. Mwizi Wetu aliendelea kupaka rangi. Mkunga alikohoa tena, kikohozi cha mtu mwenye cheo. Mwishowe uvumilivu ukamshinda. “Wewe! Si ndiyo kazi yako? Njoo uingie!”

Alikuja. Kwanza alizima umeme kwenye kisanduku cha ukutani ili nyumba isiungue kama maharage yalivyokwisha kuungua, kisha akaanza kazi, na mtaa mzima ukatoka kuangalia. Alijaribu dirisha la jikoni, nondo. Akajaribu mlango wa nyuma, makomeo. Alipanda juu ya bati, akashuka. Akajaribu kupenyeza mkono bafuni, wavu ukampasulia shati. Akarudia dirisha la kwanza kana kwamba huenda limebadili mawazo. Harufu ya maharage yaliyoungua ilikuwa imefika getini aliporudi mbele, suruali imechanika kuanzia mfukoni mpaka gotini, jasho linamtiririka, na uso umechanua.

“Mama, hongera!” alisema. “Sijaweza.”

“Hongera ya nini, na maharage yangu yamekuwa mkaa?”

“Mimi nikishindwa, hakuna wa kuingia humu. Umefaulu, mama. Miaka yote hii! Umefaulu!”

Walioshuhudia wanasema alikuwa karibu kulia kwa furaha, na kwamba mkunga alijitahidi kukunja uso ukakataa kukunjika. Fundi wa vitasa, aliyeitwa na majirani, alichelewa sana kufika. Wawili hao walimngoja kwenye ngazi ya mlango, mama amevaa koti la kampuni yetu juu ya gauni lake. Waliyoongea hatuyajui, ila kicheko cha mama kilisikika nyumba ya tatu.

Wapo waliosema alishindwa makusudi, ili apewe kadi. Mkewe, aliyeletewa suruali ile aishone, anasema amekaa kwenye cherehani miaka mingi na hajaona mwanamume anayechana suruali nzuri namna ile kwa makusudi. Tunaliacha hapo.

Kikao kikafika. Mwenyekiti alisoma hoja, akamwita mkunga aseme, na watu wakajiweka sawa kwenye viti kusubiri moto. Mama hakwenda mbele. Alipita katikati ya safu mpaka alipokaa Mwizi Wetu na mkewe, akafungua mkoba, akatoa ufunguo mpya unaong'aa, akauweka kwenye kiganja cha mume.

“Wa akiba,” alisema. “Uliniambia nimpe jirani ninayemwamini. Ukiupoteza, nitakurudisha ulikotoka, na mimi njia ile naijua.”

Kura haikupigwa. Mwenyekiti alijaribu kuitisha, lakini watu walikuwa wanacheka, na baadhi walikuwa wameshaanza kupekua mikoba na mifuko. Leo ukiingia jikoni kwa Mwizi Wetu utakuta misumari ukutani, na kila msumari una ufunguo wa nyumba ya mtu. Ufunguo wake mwenyewe wa akiba uko kwa mkunga. Tuliuliza umewekwa wapi, na tunasikitika kuripoti kwamba uko chini ya chungu cha maua.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa viti vyote ulivyogeuza, kwa kututania siku tulizokuwa hatutaki, na kwa kutupa kazi yenye hadithi za kupeleka nyumbani. Ngazi tutaitunza. Yule mbwa bado huja mapokezi kukuulizia. Nenda kaishi ndani ya nyumba yako, upite mlangoni kama watu wengine, wewe na mkeo, mkazeeke na afya na majirani wenye kelele. Ila tukija kukutembelea na kubisha hodi, tafadhali uulize kwanza ni nani.